Darasa la Jumamosi la kategoria Nyegezi, elfu 60 yangu siijutii

Wadau wa hesabu wa Mwanza, kuna darasa la Jumamosi jioni Nyegezi, njia ya kwenda Malimbe, chumba cha nyuma ya steshenari moja, wanafundisha nadharia ya kategoria, tawi la hesabu linaloangalia vitu na mishale kati yao, kuanzia mwanzo kabisa. Wiki 8, elfu 60, unaruhusiwa kulipa mara mbili. Nimemaliza awamu ya kwanza juzi na watu wananiuliza pembeni kama inafaa, basi naandika hapa mara moja wote msome.

Mi nafundisha hesabu sekondari. Kategoria nilikutana nayo chuo, mhadhiri akajaza ubao vitu na mishale afu akasonga mbele, nikakariri nikafaulu nikasahau. Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba sikuwahi kujua watu waliitafutia nini hiyo kitu.

Ticha wa hapa siku ya kwanza aliandika 12 na 18 akauliza KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake ngapi. Tukamwambia 6, hiyo si ya shule ya msingi. Akasema haya, kila namba nzima kuanzia 1 tuiite kitu, na tunachora mshale kutoka namba moja kwenda nyingine pale tu ya kwanza inapoigawa ya pili bila kubaki. 3 ina mshale kwenda 6, 6 ina mshale kwenda 24, kwa hiyo wa 3 kwenda 24 lazima uwepo, huko ndo kuunganisha mishale. Kila namba inajigawa yenyewe, huo ndo mshale wa utambulisho. Bakiza sharti moja, kwamba ukiwa na mishale mitatu inayofuatana ukaanza kuunganisha miwili ya mwanzo au miwili ya mwisho jibu ni lilelile, basi hiyo ni kategoria tayari. Hata nusu saa ilikuwa haijaisha.

Afu akatuambia tueleze 6 ni nini pale bila kutaja ukubwa wala kugawanya, kwa mishale tu. Tulikaa kimya muda. Mama mmoja pale mbele, anauza nyavu na vifaa vya uvuvi, kaja kusoma kwa kupenda tu, akasema: 6 ina mshale kwenda 12 na mshale kwenda 18, na namba yoyote nyingine yenye mishale yote miwili lazima iwe na mshale wa kuja kwenye 6. Sahihi kabisa, jaribu 1, 2 na 3 utaona zote zinaingia 6. Hilo ndo linaitwa zao kwenye kategoria. Ticha akageuza mishale yote ielekee ilikotoka, neno lingine hakugusa, akamwambia mama rudia sentensi yako, na safari hii ikatoa 36. KDS, kigawe kidogo cha shirika! Jamani nimefundisha KKS na KDS miaka tisa kama vitu viwili, kila kimoja na njia yake ya kukokotoa, kumbe ni sentensi moja inasomwa kutoka pande mbili. Mwili ulinisisimka, na wiki iliyofuata nikawapa wanangu wa kidato cha kwanza ile michoro bila kutaja jina kategoria na wakaelewa.

Wiki ya tatu sentensi ileile akaipeleka kwenye seti. Mgahawa una ugali na wali, vitoweo ni sato, sangara na dagaa, sahani zinazowezekana ni 6, na kila sahani ina mshale unaosema chakula gani na mshale unaosema kitoweo gani. Sasa njoo na orodha yoyote ya wateja ambayo kila mmoja kasema chakula chake na kitoweo chake, kuna njia moja tu ya kumpelekea kila mteja sahani yake. Moja tu, na hapo kwenye "moja tu" ndo uzito wote ulipo, msipitwe.

Fankta aliifundisha kwa bei za dagaa, yaani una orodha ya bei kwa shilingi ya Tanzania, unazibadili zote kwenda ya Kenya afu zote kwenda ya Uganda, au unazibadili moja kwa moja kwa kanuni iliyounganisha hatua mbili, orodha inatoka ileile. Basi kitendo cha "kutengeneza orodha" kinachukua vitu na mishale kutoka kategoria kinavipeleka bila kuvunja muungano wala utambulisho. Afu akauliza, je ukiipindua orodha, bei ya mwisho ije mwanzo, kabla ya kubadili hela, au ukabadili hela kwanza ndo ukapindua? Sawasawa. Huo ndo mgeuzo asilia, na mraba wake, mchoro wa mishale unaoonyesha njia zote mbili zinafika palepale, alituchorea kila mmoja kwenye daftari lake.

Hapo ndo nilipata jibu la swali langu la chuo. Samuel Eilenberg, Mpolandi aliyehamia Marekani 1939, na Saunders Mac Lane, Mmarekani, kwenye makala yao ya 1945 walichokuwa wanakitafuta ni huo mgeuzo asilia. Ili waueleze ilibidi waeleze fankta, na ili waeleze fankta ilibidi waeleze kategoria. Yaani sisi tunafundishwa kuanzia walikoishia kulazimika, hatuambiwi tunaenda wapi, ndo maana wengi tunaachia njiani. Hata majina waliazima kwa wanafalsafa, kategoria kwa Aristotle na Kant, fankta kwa Carnap.

Lema ya Yoneda, kanuni yenye jina la mwanahesabu Mjapani Nobuo Yoneda, aliieleza kwa Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki. Akija mfanyabiashara mgeni pale mwaloni hakuna anayempasua kuona ndani ana nini, watu wanaangalia mzigo anatoa kwa nani na anampelekea nani, na ukijua yote hayo bila kubakiza umemjua. Kitu kwenye kategoria kinajulikana hivyohivyo kwa mishale yake. Mac Lane mwenyewe aliipata kwa Yoneda wakiongea stesheni ya treni ya Gare du Nord, Paris, na ticha alivyosimulia nadhani alikuwa anaiona ile treni.

Sasa kasoro, na hizi naomba wazifanyie kazi. Vitini vyao ni kopi ya kopi, vichwa vya mishale vimefutika kabisa, na kwenye somo hili mshale usio na kichwa haukuambii kitu, mara mbili nimefanya zoezi zima nikijua natafuta zao kumbe ni kinyume chake. Chumba kina joto na feni ni moja, umeme ukikatika mnamalizia na tochi za simu. Na wiki ya mwisho fankta ajointi (jozi ya fankta, moja ya kwenda na moja ya kurudi, zinazooana) zilipita kwa dakika 40, haziwezi kueleweka kwa dakika 40, ticha najua unasoma hapa, hiyo mada itengewe wiki mbili zake.

Kingine, mwanzoni mtachanganywa mkiunganisha mshale f na mshale g, maana g inaandikwa kushoto wakati f ndo inaanza. Msomeni "g baada ya f" kila mara kwa sauti, mpaka wiki ya pili mtakuwa mmezoea.

Kufika panda daladala za Nyegezi, shuka stendi, bodaboda waulize steshenari yenye geti la bluu. Nenda na daftari la mistari ya mraba na uwahi kukaa upande wa feni. Awamu ya pili nimeshalipa nusu, wanaanza na ajointi upya.