Uzoefu wangu: boti ya kukodi ya kwendea kupiga picha meli, msikodi (au kodini, sijui tena)

Nyota moja. Tena hiyo moja ni ya yule kijana wake, mzee mwenye boti hana chake hapa.

Sisi tuko watatu, siku nyengine wanne, tunapenda meli. Si kupanda, kupanda kila mtu wa Unguja na Pemba anapanda atake asitake, sisi tunapenda kuziangalia, tunazipiga picha halafu tunakaa barazani tunabishana mpaka isha. Kuna mwenzetu akisikia honi usiku yuko kitandani anakwambia hiyo meli gani, na mara nyingi anapatia. Zile boti za mwendo kasi za Dar, zilizoundwa Hobart kule Tasmania, tushazipiga picha mpaka zimetuchosha, zinakuja zinaondoka kama daladala. Ila MV Mapinduzi II ni meli meli. Ina kifua, ina mwili, ikitia nanga nje ya bandari yetu ya Malindi hapa Unguja unaona kitu kimekaa. Ilikuja Disemba 2015 kutoka Korea Kusini na siku ile nusu ya mji ulikuwa unaizungumza, hayo mengine ya urefu na injini tafuteni wenyewe, mimi nina hasira zangu nataka kuzitoa.

Sasa ubishi wenyewe uliotupeleka baharini. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba meli ikitoka Pemba ikaingia Unguja jioni inalala kidogo upande wa kushoto. Sababu anazo, simnyimi haki yake. Anasema inateremka kutoka kaskazini, jua la alasiri liko kulia, kwa hiyo abiria wote wanahamia kushoto kwenye kivuli, na huko huko kushoto ndiko pwani inakoonekana, Mangapwani, Bububu, Mtoni, kila mtu kasimama anatafuta kwao. Mimi nasema meli haina neno, yeye ndiye anayeshika kamera upande. Picha zake zote ziko upande, hata ya harusi ya dada yake wageni wanakaribia kumwagika.

Mtacheka, lakini huku kwetu huo si ubishi wa kijinga. Toka Septemba 2011 ile Spice Islander ilipozama usiku njia ya Pemba, mwaka mmoja haujapita Skagit nayo ikaenda karibu na Chumbe, mtu mzima akiiona meli jicho linaanzia chini, imekaaje majini, imenyooka au haijanyooka. Mimi nimejifunza mpaka ule mduara uliokatwa na mstari pale ubavuni, na vile vistari vya pembeni vyenye herufi, T ndiyo ya maji ya joto kama haya yetu, kikizama hicho ujue wamezidisha. Hapa ndipo mapenzi yetu ya meli yalipoanzia kama mnataka kujua, yalianza na woga.

Basi picha ya kumaliza ubishi lazima ipigwe kwa mbele, uso kwa uso na omo, yaani pua ya meli, na ule mstari wa bahari uonekane pande zote mbili. Ukisimama Forodhani au Shangani jioni hupati kitu, jua liko nyuma ya meli unapata dubwana jeusi kama sufuria iliyoungua. Inabidi utoke nje, uipishe, jua likae mgongoni kwako. Ndio tukakodi boti.

Boti ya faiba, mashine moja nyuma, mzee na kijana mmoja sijui mjukuu sijui mtoto wa nduguye. Elfu sitini kwa saa mbili. Nikamwamkia vizuri tu.

"Shkamoo mzee."

"Marhaba. Mnakwenda Changuu?"

"Hatwendi kisiwani. Tunataka tuisubiri Mapinduzi tuipige picha."

Akaitazama lenzi yangu, akanitazama mimi, akaitazama tena lenzi. "Hiyo ni meli au bi harusi?"

Kijana akacheka. Wenzangu nao wakacheka, na hao ndio walioniuma zaidi, maana mtu anakudharau wewe na watu wako wanamsaidia. Na mzee kuona imechekesha basi hakuiacha. Tumekaa nje kule karibu saa nzima mawimbi yanatupiga ubavuni, yeye kila dakika kumi, bi harusi kachelewa, bi harusi yuko kwa msusi, bi harusi anafukizwa udi. Mimi nimelipa elfu sitini kukaa kwenye jua natukanwa kwa mafumbo. Huduma kwa mteja sifuri, andikeni hiyo.

Meli ikatokea. Nakwambieni ukiiona kutoka chini, wewe uko kwenye boti ukingo wake unaufikia kwa mkono, si kitu kile kile unachokiona bandarini. Kwanza ni doa jeupe, halafu doa linaota kona, halafu unaliona povu mdomoni mwake linafunguka pande mbili, na moshi umelala nyuma. Nilisahau hasira. Nikamwambia mzee sogea mbele kidogo, tukae mstari mmoja nayo, nipige moja tu ya uso.

"Siendi mbele ya meli."

Kavu hivyo hivyo. Si "mwanangu haiwezekani", si "subiri kidogo", hapana, siendi mbele ya meli. Sasa na mimi naijua kanuni, zile sheria za kimataifa za 1972 za kuzuia meli kugongana zinasema wazi chombo cha chini ya mita 20 kisikizuie chombo kinachoweza kupita salama ndani ya mkondo mwembamba tu. Najua. Ningeweza hata kumsomea. Lakini namna ya kusema! Nikasimama nimwoneshe kwa mkono, pale tu, hatua chache, begi liko begani, na wenzangu nao wamesimama boti inayumba, nikarudi nyuma kidogo nishike chochote nisianguke.

Mashine ikazima.

Haikukohoa, haikupungua pole pole, imezima kama taa. Na boti ikaanza kubebwa na maji, na inabebwa wapi? Huko huko nilikokuwa nataka twende, mbele ya meli.

Mzee akaanza kuvuta kamba. Akavuta, akavuta, mishipa ya shingo imetoka, kofia ikamdondoka majini hata hakuiangalia. Akaminya ile pampu ya mpira ya mafuta, akafungua kifuniko, akagusa plagi, akavuta tena. Na mimi nafanya nini? Namfokea. Nasema mzee unakodisha boti mbovu, unatuua, tuna watoto sisi. Mwenzangu mmoja anasoma dua kwa sauti, yule wa picha za upande kakaa chini kabisa ya boti na kamera kaifumbata tumboni kama mtoto mchanga.

Ndipo ikapiga honi. Tano, fupi fupi. Anayependa meli anaijua hiyo maana yake, tano fupi au zaidi ni meli inakwambia sikuelewi unafanya nini. Tumewahi kuikalia barazani tukaielezea kwa raha zetu. Sikupata kuisikia ikinisemesha mimi. Inaingia kifuani haiingii masikioni. Na mzee, wallahi, katikati ya hayo anavuta kamba, akasema, "Bi harusi kakasirika."

Ni kijana ndiye aliyetuokoa. Aliinama nyuma ya mashine, akapachika kitu kwa kidole gumba, kitu chekundu sikukiangalia sana, akamgusa mzee mkononi bila kusema neno, mzee akavuta mara moja ikawaka. Tukatoka. Meli ikapita mbali tu kumbe, haikuwa karibu kama nilivyoiona mimi, abiria wamejaa ubavuni wanatupungia mikono na wao wanatupiga picha sisi.

Gatini nikaanza upya. Nikataka pesa zangu. Sikupiga picha hata moja ya maana, mashine mbovu, maneno ya dharau, nirudishie nusu. Watu wakakusanyika, mmoja akasema mzee mpe mteja pesa yake. Mzee kaniangalia kwa muda mrefu, mrefu wa kukera, akamwangalia na mjukuu wake, akatoa elfu ishirini akanipa. Hakusema kitu. Na mimi ule ukimya wake niliuhesabu kuwa ni kukubali kosa, nikaondoka kifua mbele.

Hayo kama wiki mbili tatu nyuma. Kwa hasira hata kadi ya kamera sikuifungua. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ukitaka kupiga picha meli kodi boti kwa mtu anayeheshimu kazi ya watu na mwenye mashine nzima, na

Ngojeni. Nimekwenda kutafuta picha ya kuwawekea hapa muione hali ya ile boti. Kamera siku ile ilikuwa kwenye ile hali ya kupiga mfululizo, na inaonekana nilipokuwa nayumba kidole kilikuwa juu ya kitufe, kwa hiyo nina picha kama thelathini za mbingu, kiatu, mbingu, goti la mwenzangu. Nimezipitia zote. Ya kumi na kitu hivi ni nyuma ya boti. Mashine inaonekana. Begi langu linaonekana, mkanda wake unaning'inia. Na kwenye ndoana ya mkanda kuna kikamba chekundu kilichojikunja kunja kama waya wa simu za zamani, na kule mwisho wake klipu inaelea hewani.

Kama hamjui, kile kikamba ni cha kuzimia mashine. Nahodha anakivaa mkononi au mguuni, akianguka baharini klipu inachomoka mashine inazima boti isimkimbie. Klipu ikitoka unaweza ukavuta mpaka usiku haiwaki. Ndicho kitu chekundu alichopachika kijana.

Kwa hiyo ni mimi. Yaani begi langu. Mashine haikuwa na kitu, plagi nzima, mafuta safi, mimi ndiye niliyeizima na mimi ndiye niliyemfokea, mbele ya watu gatini, na nimechukua elfu ishirini yake.

Nimekaa kidogo nimefikiri. Nyota nne basi.

Lakini hapana, tusiende mbio. Kikamba si cha kuvaa nahodha? Angekivaa mguuni kingefikaje kwenye begi langu? Kimeachwa kinaning'inia pale kama kanga kwenye kamba, mtu yeyote angekinasa, angekuwa mtoto je? Na yeye nahodha miaka yote hiyo, mashine imezima ghafla vile, kitu cha kwanza si unaangalia klipu? Kaangalia mafuta, kaangalia plagi, mpaka mtoto mdogo ndiye aone. Nyota tatu. Mbili na nusu, ile bi harusi sijaisamehe.

Na picha ya mwisho kwenye kadi, ndiyo hii mnayoiona, sijui hata niliipigaje, ni meli yenyewe kwa mbele, omo katikati, povu pande zote mbili, abiria wamejaa kushoto kama kumbikumbi. Ukiangalia mstari wa bahari uko upande. Meli imefuata mstari wa bahari, kwa hiyo aliyeinama ni mimi niliyeshika kamera, meli imenyooka, nimeshinda. Mwenzetu anasema picha kama hiyo haihesabiki, inabidi turudie.

Basi nimempigia mzee. Nimeamkia, nimejitambulisha, nimesema ami mimi ndiye yule wa Mapinduzi, ile elfu ishirini nataka nikurejeshee, kuna jambo nimeliona kwenye picha.

Akasema, "Ulikuwa hujaliona?"

Kumbe alijua. Kijana alimwonesha pale pale, wameona wote wawili kikamba kiko kwenye begi langu, na mzee akasimama gatini anatukanwa na watu wazima akatoa pesa. Nikamwuliza kwa nini hukusema. Akasema ulikuwa unapiga kelele, mwanangu, ningekwambia saa ngapi.

Nikamwomba tutoke tena wiki inayokuja. Akasema njoni, pesa ni zile zile, begi acha kwenu, ile ishirini kaa nayo ila uje na kofia.

Nimeuliza bei leo dukani. Anavaa ya viua, ya kushona kwa mkono, ishirini haigusi hata nusu yake. Nyota mbili.