Sabuni ya mwani ya Unguja: nimeitumia, na maswali nimeuliza

Karatasi ya sabuni hii imejaa maneno matamu: ya asili, rafiki wa mazingira, inawainua akina mama. Sabuni yenyewe nimeipenda, hilo niliseme mapema. Nilichukua ya karafuu kwa kikundi kidogo cha pwani ya mashariki ya Unguja (jina naliacha, maana malalamiko yanakuja). Povu lake si jingi lakini linatosha, harufu imetulia, na chembechembe za mwani zinasugua viwiko bila kuchubua. Ngozi yangu ni kavu na haikukakamaa. Ila usiiache kwenye kisahani chenye maji, inayeyuka upesi.

Sasa tuje kwenye yale maneno matamu. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake, wanaoshuka baharini maji yakipwa kufunga mbegu kwenye kamba, kuvuna na kuanika. Sehemu kubwa husafirishwa nje ukiwa mkavu, kwa bei ndogo ya kilo, ukatolewe karajinani, ute wa kuzitia uzito losheni na dawa za meno. Kotonii, aina yenye bei nzuri, haistahimili maji ya bahari yanavyozidi joto, na wengi wamebaki na spinosamu, aina nyingine ya bei ya chini. Kwa hiyo kuusaga mwani hapahapa na kuutia kwenye sabuni ni jambo la maana.

Lakini kipande kimoja kinakula mwani kiasi gani? Nilimuuliza binti wa dukani, naye akamwita mama mmoja wa kikundi.

"Mwanangu, unga kidogo tu, kijiko kinaenda vipande kadhaa," akanijibu bila kuficha chochote.

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Maana yake ni kwamba anayedhani kwa kununua sabuni amemnunulia mkulima gunia la mwani, hesabu haiji. Pesa iko kwa wanaopika, kukata na kufunga. Hapo walinipa jibu la kuridhisha: wapishi ni haohao wakulima, na mauzo wanagawana wenyewe.

Kilichonikwaza ni mafuta. Sabuni, ukiondoa mapambo, ni mafuta na kostiki soda. Nazi ni za Unguja, sawa. Mawese je? Ya Kigoma, au yale yanayokuja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, ambako misitu mingi imefyekwa kupisha michikichi? "Tunanunua madumu mjini," wakanijibu. Basi. Kwenye karatasi wameandika "mafuta ya mimea", na hapo ndipo ningetaka maelezo zaidi kuliko picha ya mwani iliyojaza upande mzima.

Kuna na kisungura kilichochorwa pembeni, kuonyesha kwamba hakuna mnyama aliyefanyiwa majaribio. Sina sababu ya kuwashuku. Nani atamfungia sungura kwa ajili ya nazi na karafuu? Lakini kisungura cha Leaping Bunny, nembo ya kimataifa ya bidhaa zisizojaribiwa kwa wanyama, kina masharti na ukaguzi nyuma yake. Hiki ni mchoro tu, na yeyote anaweza kuuchora.

Krimu yao sikuielewa kabisa. Sabuni inafungwa kwa karatasi, safi. Krimu imo kwenye kikopo cha plastiki, ndani ya boksi, ndani ya filamu ya plastiki tena. Halafu "haina kemikali". Jamani, hata maji ni kemikali! Na krimu yenye maji isipotiwa kihifadhi huota ukungu, kwa hiyo ama kimo na hakikuandikwa, ama hakimo na ni hatari zaidi. Tarehe ya mwisho ya matumizi sikuiona.

Bei ya sabuni iko juu sana ukilinganisha na ya dukani ya kawaida, na nitailipa tena, kwa sababu najua inakwenda kwa nani. Ukifika, chukua ya karafuu, ya mchaichai haina harufu ya kutosha. Na waulize habari ya mawese. Wakiulizwa na wengi, huenda siku moja watamuuliza anayewauzia madumu.