Jumba la Sanaa la Taifa, Athens: picha za vita vya uhuru ni kali, ila msiishie hapo

Kwa yeyote anayepita Athens na anapenda historia, Jumba la Sanaa la Taifa (wenyewe wanaliita Ethniki Pinakothiki) usiliruke. Lilikuwa limefungwa miaka kibao kwa ukarabati, likaja kufunguliwa Machi 2021, muda ule ule Ugiriki ilipokuwa inatimiza miaka 200 tangu watu wake wainuke dhidi ya dola ya Uthmania. Ni jumba kubwa, kuna mengi humo, mimi naongelea picha za vita vya uhuru tu kwa sababu ndizo zilizonipeleka.

Hapo mwenye ufalme ni mchoraji Theodoros Vryzakis. Ile yake ya watu wanatoka Missolonghi, ya 1853, aisee inakushika. Mji ulizingirwa na jeshi la Uthmania karibu mwaka mzima, chakula kikaisha kabisa, watu wakafika mahali pa kula paka na panya, halafu usiku mmoja wa Aprili 1826 wakaamua liwalo na liwe, wakafungua njia kwa nguvu na wengi sana wakauawa. Kwenye picha wapiganaji wanamiminika na panga juu, wanawake na watoto wapo humo humo, na mawinguni kuna malaika wanashuka na mashada. Sasa sogea karibu uangalie nguo. Zile sketi nyeupe za mikunjo, vizibao vya darizi, rangi zimekolea vizuri mno, yaani unajiuliza hawa ndio watu waliokuwa wanakufa kwa njaa? Njaa haipo kwenye hii picha. Kifo kipo, kishujaa, ila njaa hamna.

Na simlaumu Vryzakis kwa kukosa uchungu maana uchungu alikuwa nao, baba yake alinyongwa na Waturuki kwenye vita hiyo hiyo, akakua yatima. Ishu ni alikosomea. Vita ilipoisha mataifa makubwa yakawapa Wagiriki mfalme kijana kutoka Bavaria, Otto, akatia mguu 1833, basi na wachoraji nao njia yao ikawa Munich, mji mkuu wa Bavaria, na kule walifundishwa kupanga vita kama jukwaa, mwanga unaangukia shujaa, kila mtu kasimama mahali pake. Ndo maana ile ya mapokezi ya Lord Byron, mshairi wa Kiingereza aliyekuja kuwasaidia Wagiriki, (1861) imejaa mapadri na umati kama vile mkombozi kashuka, wakati Byron alifika Missolonghi Januari 1824 na Aprili hiyo hiyo akafariki kwa homa, hata vita yenyewe hajapigana. Ya Askofu Germanos anabariki bendera ya kuanzisha vita hiyo (1865) ni hivyo hivyo, nzuri kuitazama, ila wanahistoria wengi wanasema tukio lile halikutokea vile tunavyoonyeshwa. Ukishachora kitu kikapendeza hivyo watoto wa shule watakiamini vizazi na vizazi, na hilo kwangu si jambo dogo.

Kwa hiyo ukitoka hapo nenda Makumbusho ya Taifa ya Historia, mtaa wa Stadiou, jengo la bunge la zamani, nje kuna sanamu ya Kolokotronis, jenerali wa vita hiyo, juu ya farasi, huwezi kupotea. Humo kuna picha za Panagiotis Zographos zilizochorwa kwenye mbao, na hizi ndizo zilizonimaliza kabisa. Aliyeziagiza ni Jenerali Makriyannis, mtu aliyepigana mwenyewe akajeruhiwa. Alianza na mchoraji wa Ulaya, kazi haikumridhisha akaachana naye, akamchukua Zographos aliyekuwa amepigana pia, wakafanya kazi ile kati ya 1836 na 1839. Unaona uwanja wote kama uko juu angani, milima, bahari, meli, mizinga, askari wadogo kama siafu, na kila kundi lina namba yake, chini yameandikwa maelezo, namba fulani ni nani, alisimama wapi, alifanya nini. Hakuna malaika wa mashada. Shujaa mmoja wa katikati hamna, ni watu wengi wamepangwa kwa ukweli wao na kila mmoja kahesabiwa.

Halafu angalieni akili ya mzee Makriyannis, alitengeneza nakala kwenye karatasi akampa Mfalme Otto na wawakilishi wa Uingereza, Ufaransa na Urusi, ya Waingereza mpaka leo iko kwenye mkusanyiko wa kifalme Windsor. Mimi naona alikuwa anawaambia hao wakubwa kwamba nchi hii ina wenyewe na majina yao haya hapa. Mwaka 1843 huyo huyo Makriyannis alikuwa mmoja wa waliombana Otto mpaka akakubali katiba.

Kwa nyota, jumba la sanaa nalipatia 4 kati ya 5, picha za mbao 5 bila kusita. Kama una siku moja tu anza Stadiou ndio uende kwa Vryzakis, ukifanya hivyo utajua kinachokosekana kwenye zile sketi nyeupe. Maelezo kwenye mbao ni ya Kigiriki, mwandiko wa zamani, so ukipata mtu wa kukusomea hata mistari miwili mitatu utafaidi sana, na ukienda na watoto wape kazi ya kutafuta namba, hawatachoka haraka.