Kapsuli za akriliki ndizo za kununua, lakini zifungie kwenye kopo

Kwa anayekusanya sarafu hapa Mombasa, kitu cha kwanza kuacha dukani ni albamu ya kurasa laini zinazonata vidoleni na kunuka plastiki mpya. Nyingi ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini. Kwa joto na unyevu wetu, PVC hutoa mafuta ya kulainishia pamoja na tindikali, na sarafu hupata utandu wa kijani unaonata. Pesa ya shaba ya 1888, ile yenye jina la Mombasa, uso wake ukishalika ndiyo basi. Ukiishuku plastiki, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse nao kipande chake kidogo, kisha urudishe motoni: mwali wa kijani ni dalili ya klorini. Fanyia nje, moshi wake ni sumu.

Vikadi vya karatasi vyenye dirisha la Mylar (plastiki angavu ya poliesta) ni rahisi na havidhuru sarafu, ila pini za stepla hushika kutu upesi Pwani. Zilaze kwa koleo, la sivyo zitakwaruza sarafu ya jirani.

Kapsuli ngumu za akriliki, yaani vikasha vya plastiki angavu vya sarafu moja moja, zinastahili bei yake. Pima kipenyo kwanza: shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 ni karibu milimita 28. Kapsuli ikiwa pana, sarafu hucheza ndani na kusuguka. Ikibana, ukingo huchubuka. Kasoro yake kubwa ni kwamba haizuii hewa. Shilingi hiyo ina madini ya fedha robo tu, kwa hiyo unyevu wenye chumvi huibadilisha rangi hata ikiwa ndani ya kapsuli. Ndiyo maana kapsuli ziingie kwenye kopo lenye mpira wa kubana mfunikoni, pamoja na silika jeli, chembe za kufyonza unyevu. Gramu 50 zinatosha kopo la lita 2. Ile ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba, ikaushe kwenye oveni, nyuzi 120, saa mbili au tatu. Gazeti, sufu na mipira ya kufungia visiingie humo: salfa yake huitia fedha weusi. Na kopo likitoka chumba chenye esi (kiyoyozi), lisifunguliwe mpaka baridi yake iishe, sarafu zisije zikatoka jasho.

Utandu wa PVC ukishaingia, loweka sarafu kwenye asetoni safi ndani ya gilasi ya kioo, dakika kumi, dirisha wazi na jiko limezimwa. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Badilisha asetoni, rudia, kisha iache ikauke yenyewe bila kuisugua.