Walisema wameboresha

Kampuni za simu zilishatufundisha: ukiona ujumbe unaoanza na "tumeboresha huduma zetu", kimbilia kuangalia salio. Ningelikumbuka hilo, nisingeshangilia niliposoma kwamba yale makumbusho ya mtandaoni ya sanaa ya Ulaya, ninayoyatembelea kwa simu miaka nenda rudi, yamepanuliwa na kuboreshwa. Jina lao silitaji. Sitaki kuwapelekea wateja, na sitaki kesi.

Mimi ni fundi wa mabango. Naandika majina ya maduka, nachora vichwa vya watu kwenye saluni za kiume, na nina vijana wawili wanaojifunza kwangu hapa Morogoro. Chuo cha sanaa sikusoma. Rangi ya ngozi nimeijua kwa kukodolea macho picha za wachoraji wa kale wa Ulaya, usiku bando likiwa la bei nafuu, nikikuza kwa vidole viwili mpaka naona brashi ilipogeukia. Tovuti yao ya zamani ilikuwa na sura mbaya jamani, maandishi madogo kama ya karatasi ya dawa. Lakini ukibonyeza picha, inakuja yote, na hakuna anayekuuliza wewe ni nani.

Wiki kadhaa zilizopita akaja kinyozi mmoja. Anataka bango lenye kioo, na ndani ya kioo ionekane barabara inayopita mbele ya saluni yake. Nikawaambia vijana, kabla hatujachanganya rangi njooni mwone baba wa vioo vyote. Nikawafungulia picha ya Arnolfini, ya Jan van Eyck, ya mwaka 1434. Yenyewe hasa imechorwa kwenye ubao wa mwaloni na ipo National Gallery, London. Mume na mke wamesimama chumbani, na ukutani nyuma yao kuna kioo cha duara kilichobinuka. Ubao mzima una kimo cha sentimita 82 tu, kwa hiyo hicho kioo ni kitu kidogo sana, lakini ndani yake utakuta migongo ya hao wawili, dirisha, na watu wengine wawili mlangoni. Fremu yake ina viduara 10, kila kimoja na tukio la mateso ya Yesu. Juu ya kioo mchoraji kaandika kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa, na kaweka mwaka, sawasawa na vijana wanavyoandika kwenye kuta za stendi.

Yule kijana mdogo akatazama kimya. Kisha akasema, "Fundi, mbona mbwa hayumo?"

Mbwa yuko chini, miguuni pa wenye nyumba, manyoya karibu uyahesabu. Kwenye kioo simwoni. Miaka yote hiyo nimeitazama picha ile, na wala halikuwahi kunipitia kichwani! Nikaivuta nihakikishe. Hapo ndipo picha ikageuka uji, ukungu mtupu, na katikati likatokea boksi: jisajili uone kwa undani.

Sawa, tujisajili. Jina, barua pepe, nchi. Orodha ya nchi ilikuwa ya Ulaya tupu. Nikapandisha, nikashusha, hakuna Tanzania, hakuna hata "nyingine". Nikawaandikia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwa heshima zote, nikieleza nilipo na ninachotaka. Baada ya siku kadhaa likaja jibu la mstari mmoja, bila salamu: chagua nchi iliyo karibu nawe.

Nililisoma mara tatu. Halafu, Mungu anisamehe, nikafungua ramani. Ukitoka Morogoro, iliyo karibu kwenye orodha yao ni Saiprasi. Nikachagua Saiprasi. Wakataka namba ya simu ya Saiprasi ili wanitumie tarakimu za uthibitisho.

Van Eyck alifariki 1441. Hakuna mjukuu wake anayedai mrabaha. Mnamlinda dhidi ya nani, fundi wa mabango wa Morogoro? Rijksmuseum ya Amsterdam mwaka 2022 waliweka mtandaoni ile picha kubwa ya Rembrandt ya walinzi wa usiku, pikseli bilioni 717, unakuza mpaka unaona nyufa za rangi, na hawakuniuliza nalala wapi. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani. Usiku ule nilikuwa nimeshaandika maoni ya nyota moja, yenye maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia.

Sikuyatuma. Nina binamu Hamburg. Nikampigia, akacheka mpaka nikakata simu, kisha akanipa namba yake na kunisomea tarakimu. Mlango ukafunguka.

Na hapa inaniuma kusema, lakini lazima niseme. Ndani ni pazuri. Wameongeza kitu ambacho tovuti ya zamani haikuwa nacho: picha za infraredi, zinazopenya rangi na kuonyesha mchoro wa kwanza uliolala chini yake. Unateleza kidole, rangi inaondoka, mistari inabaki. Unaona nyuso zilivyorekebishwa, unaona van Eyck naye alikuwa akikosea na kurudia kama sisi. Mume ana mchoro. Mke ana mchoro. Tukamfikia mbwa: hana mstari hata mmoja chini yake. Alipachikwa baadaye, moja kwa moja kwa rangi.

"Basi kioo alishakimaliza," kijana akasema. "Akaona uvivu kurudia." Inaweza kuwa hivyo, inaweza isiwe, lakini tulikaa na simu ile mpaka chaji ikaisha, na nikajikuta nawaza nyota nne. Bado najiuliza kama ni haki kumpa nyota nne mtu aliyenifanya nidanganye makazi yangu ili nimwone mbwa.

Asubuhi yake nikakuta barua pepe tatu za Kijerumani. Kesho yake mbili. Nimejaribu kujitoa, wanataka tena tarakimu, zinakwenda kwa binamu, naye akiwa kazini hapokei simu. Nimeshusha hadi mbili. Zikija nyingine kabla ya Ijumaa narudi kwenye moja, na yale maneno ya mwanzo bado ninayo.

Bango limeshatundikwa. Kijana ndiye aliyechora kioo, na ndani yake kuna bodaboda, mama wa mihogo, na mbwa mmoja mdogo mwenye manyoya. Kinyozi kaniuliza huyo mbwa ni wa nani.