Filamu ya ngumi iliyonifichia ngumi

Nimekasirika, tena sana, na naandika hasira ikiwa bado ya moto. Juzi juzi nililipia filamu ya ngumi kwenye huduma moja ya kutazama sinema mtandaoni. Ni ya bajeti ndogo: waigizaji wasiojulikana, ghala moja, ofisi moja, bosi wa majambazi aliyevaa koti jeupe, na kaka mtu anayelipiza kisasi cha mdogo wake. Hayo yote niliyaona kwenye trela na hayakunisumbua hata kidogo. Nimekua na filamu za namna hii, nazipenda kuliko zile zinazomwagiwa mamilioni, na popote zinapodharauliwa huwa nazitetea. Kilichonichefua ni pambano la mwisho. Nimekaa saa nzima na ushee nikilingoja, likaanza, likaisha, na sikuliona.

Nasema sikuliona na namaanisha hivyo hivyo. Steringi anainua mguu, picha inakatwa. Uso wa bosi unageuka, picha inakatwa. Kiatu. Ukuta. Mgongo wa mtu, sijui wa nani. Mara mtu yuko chini. Kampiga kwa teke au kwa kiwiko, kutokea kushoto au kulia, Mungu ndiye ajuaye. Kamera inatikisika kama iliyoshikwa na mtu anayekimbizwa na mbwa, na taa zimepunguzwa hadi ghala zima limekuwa giza la bluu. Nilirudisha nyuma. Nikapunguza kasi. Nikasogeza picha moja baada ya nyingine. Katika pambano lile zima hakuna hata mahali pamoja ambapo mguu unatoka chini, unapita hewani na kutua, vyote ndani ya picha moja. Filamu ya ngumi, jamani! Na damu yenyewe ni ya kompyuta, inaruka halafu inayeyuka kabla haijagusa sakafu.

Kama hawa watu wangekuwa hawajui kupigana, ningezima nikalala. Lakini wanajua. Katikati ya filamu kuna pambano la korido kati ya steringi na mlinzi wa bosi, mwanamke mwembamba mwenye mikono mirefu. Kamera imewekwa mwisho wa korido, imetulia tuli, inawaonyesha wote wawili kuanzia utosini hadi unyayoni. Mwanamke anarusha ngumi mbili. Ya kwanza steringi anaikinga kwa kigasha, ya pili anaikwepa, inagonga fremu ya mlango na ubao unausikia. Anaudaka ule mkono. Mwanamke anapita chini ya kwapa lake, anajigeuza, anamwachia goti la ubavu. Kisha wote wawili wanarudi nyuma hatua moja, wanahema. Vifua vinapanda na kushuka, jasho limelowesha kola, na hakuna aliyekata picha. Hapo ndipo nilipokaa sawasawa nikajiambia leo nimepata filamu. Kipande kile nimekirudia mara nyingi tangu siku ile na bado kinanisisimua. Yule mwanamke anastahili filamu yake mwenyewe.

Hiyo ndiyo nguvu ya filamu zisizo na pesa, na ndiyo maana nazipenda. Hazina mji wa kulipua wala jeshi la kuchora kwenye kompyuta. Mali yake ni miili ya watu wake, basi. The Big Boss, iliyompaisha Bruce Lee mwaka 1971, ilipigwa kwa pesa kidogo katika mji mdogo wa Pak Chong huko Thailand, na ulipotua mguu wake kila mtu aliuona umetua wapi. Enter the Dragon ya 1973 haikufika dola milioni moja. Miaka mingi baadaye, The Raid ya 2011 kutoka Indonesia ilitengenezwa kwa dola milioni moja na kitu, karibu yote ndani ya jengo moja la ghorofa, waigizaji wake Iko Uwais na Yayan Ruhian wakipanga wenyewe mapigano ya silat, sanaa ya kupigana ya huko kwao. Tony Jaa wa Thailand alipotoka na Ong-Bak mwaka 2003 hakukuwa na waya za kumning'iniza mtu wala ujanja wa kompyuta, na vituko vikubwa vilirudiwa kutoka pembe nyingine ili usibaki na shaka. Mwaka 2005, katika filamu nyingine, akapigana akipanda ngazi za jengo kwa karibu dakika nne bila picha kukatwa. Ukimtazama akifika juu unaona kachoka kweli, mikono imekuwa mizito, na uchovu huo huwezi kuununua kwa bei yoyote.

Hata ujanja wa zamani haunikeri. Hong Kong walikuwa wakipaka unga kwenye nguo ili ngumi ikitua vumbi litimke. Walipunguza kidogo kasi ya kamera chini ya fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, ili zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida mikono iende haraka zaidi. Walipiga picha bila sauti, sauti ikaingizwa baadaye, ndiyo maana midomo inasema hili na masikio yanasikia lile, na kila ngumi inalia mlio ule ule. Sawa. Ujanja ule wote ulikuwa na kazi moja, kulifanya pigo lionekane. Na kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, silaha zilikuwa za vyuma chakavu, lakini vijana wake wanaruka mbele ya kamera na unawaona wanaruka. Ukata wake haukufichwa, na mimi naupenda kuliko ghala lile la bluu.

Sitaki mtu adhani nimefumba macho. Udhaifu wa filamu hizi naujua. Hadithi nyingi ni ile ile: mwalimu kauawa, mwanafunzi anaenda kufanya mazoezi, mwanafunzi anarudi. Wanawake mara nyingi wanawekwa watekwe tu. Maneno yanaandikwa kana kwamba hakuna atakayeyasikiliza. Lakini udhaifu mkubwa, ule unaonitoa machozi ya hasira, ni tabia ya kumchukulia mtazamaji kuwa haoni. Bruce Lee alipofariki Julai 1973, watengenezaji wakakimbilia kuwapa watu wengine majina ya Bruce Li na Bruce Le, na mabango yakamlaghai aliyekuwa anaomboleza. Game of Death, aliyoiacha haijakamilika, ilitoka 1978 ikiwa imejazwa watu wa kuchukua nafasi yake waliovaa miwani ya giza, na kuna mahali uso wake umebandikwa tu juu ya kioo. Marehemu! Miaka ya 1980 mwongozaji wa Hong Kong, Godfrey Ho, akawa anachukua filamu ya watu wengine, anachomeka humo vipande vya ninja alivyopiga mwenyewe, anaiuza kama filamu mpya. Huo ni ugonjwa mmoja na huu wa kukatakata picha. Anayekata kila nusu sekunde anakuambia hutagundua, na mimi nimegundua.

Nilipofika hapo nilikuwa nimeshaamua kuipa nyota moja. Halafu nikafikiria jambo jingine. Filamu za aina hii zinawaumiza watu. Pesa ikiwa haba, kitu cha kwanza kukatwa ni muda, na muda ndio unaomlinda mtu asivunjike. Pambano zuri linahitaji siku nyingi za mazoezi na siku nyingine za kupiga picha, na mwigizaji akiteguka kifundo hakuna wa kumngoja apone. Nikasema labda ndicho kilichotokea. Labda steringi aliumia, wakabaki na siku moja ya kukodi lile ghala, mhariri akapewa mabaki ya picha akaambiwa aunge. Kama ni hivyo, namwombea afya njema, lawama zangu nazirudisha, na nyota zinakuwa tatu. Sitamlaumu mtu kwa kutomwingiza mwenzake hatarini. Nilikuwa tayari kabisa kuiacha hapo.

Ndipo nikaangalia majina ya mwisho yakipita. Siku ya kwanza nilikuwa nimezima mapema kwa ghadhabu. Pembeni ya majina wameweka video za mazoezi, zilizopigwa kwa simu. Kuna ukumbi mtupu, magodoro ukutani, mwanga wa mchana. Steringi amevaa fulana ya kijivu, bosi wa majambazi hana lile koti jeupe, na wanalicheza pambano la mwisho. Lote! Simu imesimamishwa mahali pamoja na wao wanapita mbele yake. Teke la kuzunguka linatoka chini kabisa, bosi analikwepa kwa kuinama, anafagia mguu uliobaki, steringi anaanguka kwa bega, anabingirika, anasimama na kiwiko tayari. Hakuna aliyeumia. Wakimaliza wanacheka na kukumbatiana, na mtu nyuma ya simu anapiga makofi. Kwa hiyo lilikuwepo. Walilipanga, wakalijua kwa moyo, wakaweza kulicheza kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu mtu fulani akakaa mbele ya kompyuta akalisaga.

Hasira yangu ilirudi ikiwa mara mbili. Wale wawili wamejifunza kwa miaka kuufikisha mguu mahali pale, na bila shaka walijitazama kwenye filamu iliyokamilika wakajitafuta wasijione. Pesa haihusiki tena hapa. Simu ile na ukumbi ule vina gharama ndogo kuliko ghala na zile taa za bluu. Walichokosa ni mtu wa kuwaamini watu wao.

Basi uamuzi wangu, na unaweza kubadilika nikipoa. Kwa pambano la mwisho, sifuri. Kwa mwongozaji, nyota moja, kwa sababu korido ile ni kazi yake pia na inaonyesha anajua, jambo linalonifanya nimkasirikie zaidi. Kwa yule mwanamke wa korido, zote tano. Ukiiona mahali usiipite moja kwa moja: tazama korido, ruka hadi majina ya mwisho, na umtazame kijana wa fulana ya kijivu. Na kama kuna yeyote aliyeitengeneza anayesoma hapa, nawaomba kwa heshima mtoe ile video ya simu nzima, bila muziki, bila kukata, hata ikiwa na yale makofi. Nitailipia mara ya pili bila kunung'unika.