Flashi ya Godox TT600 baada ya misimu miwili ya harusi: uzoefu wangu kutoka Busia

Picha ninayoijutia mpaka leo ni ya bibi mmoja wa hapa Busia. Ilikuwa saa mbili usiku ndani ya tenti. Mjukuu wake, bi harusi, alimpigia magoti akiwa na gomesi (vazi la heshima la wanawake wa Uganda) la rangi ya dhahabu, bibi akainama akamshika mashavu kwa mikono yote miwili. Nikabonyeza. Kamera ikalia, flashi kimya. Ilikuwa imetoka kuwaka mara tatu kwenye keki na bado inajikusanyia nguvu. Nilihesabu moyoni mpaka sita ndipo taa yake ndogo nyekundu ikarudi, na bibi alikuwa ameshaketi anafuta macho. Nilipofungua picha nyumbani niliona giza tupu, isipokuwa bega la gomesi lililochongoka, ambalo lilipata mwanga kidogo wa taa za DJ.

Flashi ile niliichagua kwa bei peke yake, na jina lake silitaji. Tangu usiku ule, mtu akiniuliza kuhusu flashi ya harusi mimi humuuliza kwanza: ikishawaka, itakuwa tayari tena baada ya sekunde ngapi? Mambo mengine tutayazungumza baadaye.

Ninapiga picha Busia, upande wa Uganda, na kazi zangu nyingi ni za hapa, Malaba na Tororo, mara mojamoja Jinja. Kamera yangu ni Canon 70D ya mtumba. Nilipokwenda Kampala kutafuta flashi nyingine nilikuwa na shilingi 450,000, na humo humo zitoke betri na chaja. Kwa pesa hizo flashi za Canon wenyewe zilikuwa mbali nami, hata za mtumba zilizo katika hali nzuri. Nikabaki na Wachina wawili: Yongnuo YN560 IV na Godox TT600.

Zote mbili ni za mkono mtupu, yaani hazina TTL. Kamera haiziambii zitoe mwanga kiasi gani, unapanga mwenyewe kuanzia nguvu kamili mpaka sehemu moja ya 128. Zote zinakula betri nne za AA, zile za rimoti, na zote zina redio ya 2.4 GHz ndani yake, kwa hiyo unaweza kuitoa flashi juu ya kamera, ukaiweka kwenye stendi pembeni, ikawaka bila waya. Kwenye boksi la Yongnuo utaona namba ya nguvu 58, kwenye la Godox 60, na wauzaji wengi watakuambia kubwa ndiyo yenye mwanga zaidi. Usikimbilie hapo. Ile 58 imepimwa zoomu ya flashi ikiwa milimita 105, na ile 60 imepimwa zoomu ikiwa 200, mwanga umebanwa kama wa tochi. Ukiufungua upate kumulika familia nzima iliyosimama mstari, namba zote mbili zinashuka sana. Nilichukua Godox kwa sababu redio yake inaelewana na flashi nyingine zote za Godox zenye mfumo wa X, hata zile kubwa za studio. Nilitaka kujenga kidogokidogo bila kutupa nilichoanza nacho.

Kabla hujatoa pesa, geuza kamera yako uangalie pale juu flashi inapochomekwa. Katikati panatakiwa pawe na pini moja ya duara, kubwa kuliko nyingine. Canon waliiondoa pini hiyo kwenye kamera zao kadhaa za bei nafuu, zikiwemo 2000D, 4000D na 250D. Flashi kama TT600 inategemea pini hiyo hiyo, na kwenye kamera hizo ukiichomeka juu haiwaki. Kamera hizi wanazo vijana wengi wanaoanza kazi, kwa hiyo nalisema jambo hili kwa sauti. Mwenye Sony naye aulizie TT600S, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya sehemu ya kuchomekea ya Sony. Na ukikuta flashi ya zamani ya enzi za filamu inauzwa bei ya chakula cha mchana, iache. Baadhi yake hurudisha volti zaidi ya 200 kwenye kamera, na kamera ya digitali haikutengenezwa kuzibeba.

Dukani nilimwomba muuzaji aniruhusu kuijaribu. Nilikuja na betri zangu zimejaa chaji. Nikaweka nguvu kamili, kamera mpangilio mmoja, nikapiga ukuta mweupe mara ishirini, kila taa ikirudi nabonyeza. Akaniuliza, "Dada, unapiga ukuta wangu wa nini?" Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera: picha ishirini, weupe uleule. Flashi mbovu huonekana hapo hapo, picha ya tano ina mwanga, ya sita ni kijivu, ya saba ina mwanga tena. Kwenye harusi hilo litakutesa usiku kucha ukihariri. Nilihesabu pia muda wake wa kujijaza na ulikuwa kama sekunde mbili na nusu, karibu sawa na 2.6 walizoandika wenyewe. Nililipa 290,000.

Pesa iliyobaki ilikwenda kwenye betri, na naona hapo ndipo wengi wetu tunajikwamisha. Tunanunua flashi kwa laki tatu, halafu tunaitia betri za kiosk za shilingi elfu moja. Betri zile ni za saa ya ukutani na redio. Flashi inavuta umeme mwingi kwa mara moja, zenyewe zinautoa polepole, na zikishachoka kidogo unarudi kwenye zile sekunde sita za bibi. Betri za kuchaji za NiMH zimeandikwa volti 1.2, chini ya 1.5 za betri za kutupa, na mtu akiona hivyo anadhani ni dhaifu. Kumbe umeme wake unatoka kwa urahisi zaidi, na flashi inajijaza haraka. Mimi natumia Eneloop nyeupe. Ukiona AA ya kuchaji imeandikwa 4000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba), iogope, maana AA nzuri kabisa za aina hiyo huishia karibu 2,500 au kidogo zaidi.

Nina seti tatu za nne nne, na kila seti nimeipaka rangi ya kucha kichwani: nyekundu, ya kijani, ya zambarau. Nyekundu huchajiwa pamoja, huingia pamoja, hutoka pamoja. Ukichanganya betri moja iliyochoka na tatu nzima, ile moja inazivuta zote chini. Huchaji Alhamisi, si Ijumaa usiku, kwa sababu umeme wa kwetu unaweza kukatika Ijumaa na usirudi mpaka msafara wa bi harusi umeshatoka saluni. Harusi ya kuanzia asubuhi mpaka keki hunimalizia seti mbili. Ya tatu hukaa kwenye mfuko wa koti, na mara chache nimeihitaji.

Sasa kuhusu tenti. Harusi na kwanjula zetu (sherehe za utambulisho kabla ya harusi) nyingi hufanyika ndani ya tenti, na tenti nyeupe ni zawadi kwa mwenye flashi moja. Naigeuza kichwa kitazame juu na nyuma kidogo, mwanga unapiga paa, unarudi umetawanyika na kuwashukia watu kwa upole. Usiku huanzia hapa: ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, uwazi wa lenzi f/4, shata (muda kamera inaofunguka) 1/125 ya sekunde, flashi robo ya nguvu. Watu huogopa ISO 1600. Ukweli ni kwamba kuipandisha kutoka 400 mpaka 1600 ni sawa na kuiongezea flashi nguvu mara nne, tena bila kugusa betri. Kwa robo ya nguvu flashi inakuwa tayari karibu papo hapo, na naweza kupiga tatu mfululizo bwana harusi anapolishwa keki. Nguvu kamili naikwepa kadiri niwezavyo, kwa sababu ukiipiga mfululizo flashi inapata joto na inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua.

Lakini wapambaji wanapenda vitambaa. Nilifika tenti moja Tororo paa lote limefunikwa zambarau, na picha zangu za majaribio zikatoka kila mtu ana midomo ya zambarau na meno ya zambarau. Mwanga hubeba rangi ya kitu ulichokipiga. Nilizunguka mpaka nikaona upande wa nyuma wameacha turubai jeupe bila kitambaa, nikawa naelekeza flashi kule, nimeupa mgongo. Pasipo na pengo kama hilo, nachomoa kile kikaratasi cheupe cha plastiki kilichomo kwenye kichwa cha flashi, nasogea karibu, na nakubali mwanga mkali kidogo.

Mchana ndani ya tenti ni kazi nyingine, na hapa TT600 inatoka jasho. Nje jua la saa saba, ndani wazee wamekaa kivulini na kanzu zao. Ukifuata nyuso, nje panaungua. Ukifuata nje, nyuso zinakuwa vivuli. Mimi huweka ISO 100, shata 1/250, f/8, flashi inatazama mbele kwa nguvu kamili, na sipigi mtu aliye zaidi ya mita tatu. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo. Shata ya 70D nayo na flashi hii inaishia 1/250, ukipita hapo picha inatoka na ukanda mweusi upande mmoja.

Kukosa TTL huniumiza sehemu moja tu ya siku, wakati wa kuingia maharusi, wanapotoka juani na kuja kwangu wakicheza na umbali unabadilika kila hatua. Mwenye Godox TT685, ambayo ina TTL, hapo ananishinda. Sehemu nyingine zote za siku naona mkono unanifaa zaidi. TTL hupima mwanga unaorudi, na gauni jeupe likijaa kwenye picha inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa bi harusi unazama. Wakija wasimamizi wenye suti nyeusi inafanya kinyume. Kwa mkono, nikishapata uso, gauni na suti vinaingia na kutoka, uso unabaki palepale.

Na nyuso zetu zinataka uangalifu. Mama mzazi wa bi harusi mmoja aliniambia siku za mwanzo, akitazama picha kwenye kamera, "Mwanangu, mbona paji langu linang'aa kama nimemwagiwa mafuta ya kupikia?" Alikuwa na haki kabisa. Nilimpiga flashi ya uso kwa uso, na kwenye ngozi nyeusi mwanga mdogo ulionyooka huacha doa jeupe kwenye paji na ncha ya pua huku mashavu yakibaki bila umbo. Kuongeza nguvu kunalikuza doa tu. Dawa ni kuufanya mwanga uwe mpana na utoke pembeni.

Ndiyo maana kwa picha za mtu mmoja mmoja flashi yangu haikai tena juu ya kamera. Niliongeza triga ya Godox X2T (kifaa cha redio kinachokaa juu ya kamera na kuiwasha flashi iliyo mbali), ile ya Canon (kila kampuni ya kamera ina yake, angalia herufi ya mwisho), stendi nyepesi na mwavuli mweupe. Mwavuli nausogeza mpaka karibu uingie kwenye picha, juu kidogo ya macho, pembeni kama nyuzi arobaini na tano. Flashi ikiwa mbali na kamera hivi inakubali pia shata ya kasi kuliko 1/250, jambo ambalo ikiwa juu ya kamera haifanyi, ingawa nguvu yake inapungua sana. Nje nahitaji mtu wa kushika stendi. Upepo uliwahi kuuchukua mwavuli wangu na flashi juu yake, na mwendesha boda aliyenileta ndiye aliyeidaka.

Kwa mpangilio huo nilimpiga tena bibi yule. Mjukuu alinialika baada ya kujifungua, nikamwomba bibi akae nje chini ya mwembe na kitukuu mapajani. Mwavuli kushoto, flashi sehemu moja ya nane ya nguvu, f/5.6. Mikunjo ya mashavu yake inaonekana mmoja mmoja, na macho yana nuru. Picha hiyo waliichapisha kubwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, na iko sebuleni kwao.

Nani asiinunue? Mwenye harusi kubwa kila Jumamosi na pesa ya kutosha achukue Godox V860II au toleo lake jipya. V860II ina betri moja ya lithiamu ambayo watengenezaji wanasema inatoa mwanga kamili mara 650, inajijaza kwa sekunde moja na nusu, na TTL ipo. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya TT600. Hofu yangu ni moja: betri hiyo ikifa Jumamosi asubuhi, Busia sitaipata, lakini AA zipo kila duka, hata kama ni zile dhaifu za kunivusha saa moja.

Msimu wa pili nilinunua TT600 nyingine. Moja ikikaa juu ya kamera inaiamuru ya pili kwa redio hata bila triga, na ile ya pili naiweka kwenye stendi nyuma ya meza ya keki, moja ya kumi na sita ya nguvu, inawamulika maharusi mabegani. Seti ya nne ya Eneloop nimeipaka bluu.